Bibi wa Kwihara na Vivumishi Vyangu

Nimekuwa kimya karibu majuma matatu. Wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja aliuliza kama nimeoa kimyakimya. Sijaacha na sijaoa. Nilikuwa Tabora, na kabla ya kwenda Tabora nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu haandiki.

Haya, nianze mwanzo. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nimekaa chumba cha habari nasubiri chai na chapati, simu ikaita. Namba siijui. Sauti ya mwanaume, ya upole kabisa, ikauliza kama ni mimi niliyeandika makala ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka jana yake. Nikasema ndiyo, ni mimi, huku najiweka sawa kwenye kiti kupokea pongezi. Akasema: "Mimi ni mtoto wa yule bibi kizee maskini."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza.

"Kaka," akaendelea, "mama hajawahi kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Na hicho ulichokiita kibanda ni jiko. Nyumba iko mbele yake, vyumba vitatu, na bati aliliezeka kwa pesa yake ya asali. Hukuiona?"

Nilikuwa nimeiona. Tena begi langu nililiegemeza kwenye ukuta wake. Akaniaga vizuri, akakata simu. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Ngoja niwape sentensi yenyewe, maana nimeshaianika gazetini, sioni sababu ya kuificha hapa: "Katika kibanda duni kilichochakaa, pembeni mwa barabara yenye vumbi jekundu, chini ya mwembe mkubwa, anaishi bibi kizee maskini mwenye macho yaliyojaa huzuni kubwa." Nilipoiandika niliisoma kwa sauti mara tatu, nikajipenda. Mhariri naye akaipenda, akasema hii inatoa machozi. Kweli imetoa, ila si ya wasomaji.

Nilikuwa nimetumwa Oktoba kuandika habari za Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora mjini, kwenye lile tembe ambalo Livingstone na Stanley walifikia Februari 1872 walipotoka Ujiji. Nilikuwa nimejiandaa kama anayekwenda kufanya mtihani. Najua kwamba Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh, ambayo leo ni Tabora, Novemba 7, yaani zaidi ya miezi minne ya miguu. Najua kwamba Stanley aliondoka Kwihara Machi 1872, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Yote hayo nilikuwa nayo kwenye daftari kabla sijapanda basi. Tembe nikalizunguka nusu saa, nikapiga picha mlango, nikaona sina makala. Chuoni tulifundishwa kwamba makala bila mtu ni ripoti. Basi nikaanza kutafuta mtu.

Nikampata barabarani, kakaa nje ya jiko lake anachuja asali. Hununua kwa warina asali wanaotoka porini, anaichuja, anaiuza kwa chupa. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi changu cha kuazima, "Mwangaluka, bibi," akacheka kwa jinsi nilivyoitamka, akanikaribisha kivulini. Akaniletea matobolwa na karanga, maji ya mtungi. Akanisimulia habari za babu yake aliyekuwa mpagazi enzi za Mjerumani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Tuliongea saa mbili nzima. Katika saa mbili hizo sikumuuliza swali hata moja kuhusu pesa, wala kuhusu macho yake. Halafu nikarudi Dar es Salaam, nikakaa mbele ya kompyuta, nikamwandikia umaskini na huzuni kutoka kichwani.

Baada ya ile simu nilimfuata mhariri. Nikamwambia tuweke masahihisho. Akauliza, "Umekosea jina?" Hapana. "Umri?" Hapana. "Kijiji?" Hapana. "Sasa tunasahihisha nini?" Na kusema kweli sikuwa na la kumjibu. Magazeti yetu yana utaratibu wa kusahihisha majina, tarehe na tarakimu. Ukiandika milioni badala ya bilioni, kesho yake kuna kisanduku ukurasa wa pili. Ila sijawahi kuona kisanduku kinachosema: jana tulimwita fulani maskini, tunaomba radhi, ni neno letu tu. Kivumishi hakina mwenyewe. Kinapita bila kitambulisho.

Tangu siku hiyo nikawa nasoma magazeti, la kwetu na ya wenzetu, huku nimeshika kalamu. Jamani. Kila ajali ni mbaya. Hivi kuna dereva aliyewahi kupata ajali nzuri? Kila moto ni mkubwa, kila umati ni mkubwa, kila mafanikio ni makubwa, na kila ziara ya kiongozi ni ya kihistoria hata kama alikwenda kukata utepe wa choo cha shule. Kila mauaji ni ya kinyama, wakati wanyama wa watu hawajawahi kumwua mwenzao kwa sababu ya kiwanja. Nilizungushia duara vivumishi vya ukurasa mmoja wa mbele, nikavifuta kimoja kimoja. Habari haikupungua hata chembe. Iliongezeka nafasi ya aya mbili, ambazo mtu angeweza kuweka ndani yake jina la barabara, saa, na basi lilikuwa na abiria wangapi.

Wenzangu mliosoma shule za hapa mtakumbuka tulivyofundishwa insha. Mwalimu anataka "lugha ya mvuto". Mvuto maana yake ni kupaka. Jua haliwi jua, ni jua kali. Mama hawi mama, ni mama mpendwa. Ukimaliza unapata 18 kati ya 20, unaendelea hivyo hivyo mpaka chuo, unaajiriwa, na siku moja mtoto wa mtu anakupigia simu.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe haikutuelekeza huko. Vivumishi halisi vya Kiswahili, vile vinavyovaa viambishi, ni vichache: -zuri, -baya, -kubwa, -dogo, -refu, -gumu na ndugu zao. Vingine tulivipata kwa wageni, ndiyo maana safi, hodari, ghali, duni na maskini havibadiliki hata uviweke kwenye ngeli gani. Kwa mengi yaliyobaki, lugha inakulazimisha utaje kitu au tendo. Mwingereza ana neno moja la mtu asiyesikia la mtu. Sisi tunasema ana masikio ya nta, au unaona tu alichofanya. Tunasema mwenye, tunasema wa, tunasema aliye. Nyeupe tunaiongezea pe, nyeusi tititi, giza totoro, na hapo msomaji anasikia kabisa. Tena kivumishi chetu kinakaa nyuma ya jina. Kitu kinatangulia, sifa inafuata. Kwa hiyo kabla hujaandika "duni" unakuwa umeshalazimika kusema ni nini hicho kilicho duni, na mimi hapo hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilisema kibanda na lilikuwa jiko. Ubaya wa sentensi yangu ulianzia kwenye jina. Kivumishi kilikuja kufunika.

Kuna marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwisho kabisa wa njia hiyo hiyo ya misafara. Kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi kimewafunza wengi kuhesabu mizani: nane na nane, kumi na sita kwa mstari. Kila aliyejaribu kutunga anaijua dhambi moja ya siri. Umefika mizani kumi na tatu, umeishiwa la kusema, unachomeka "adhimu" mstari ukae sawa. Waandishi wa habari hatuna mizani, tuna idadi ya maneno aliyoagiza mhariri, lakini dhambi ni hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwa Stanley, maana yeye ni wa kabila letu. Alikuwa mwandishi wa gazeti, New York Herald, na mwaka 1871 alipokaa Kwihara alikuwa na miaka 30 tu. Agosti mwaka huo alijiunga na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga Mtemi Mirambo, wakapigwa wao, na siku chache baadaye Mirambo akaja akachoma sehemu ya Tabora wakati Stanley amejifungia kwenye tembe na bunduki zake. Katika maandishi yake ya wakati ule Mirambo ni jambazi. Hajawahi kumwona uso kwa uso, ila sifa zake anazo zote. Aprili 1876 akakutana naye. Akamkuta mtu mtulivu, wa adabu, asiyepaza sauti, wakachanjiana udugu. Stanley huyo huyo akaanza kuandika habari za mtu mwungwana, akamfananisha na Napoleon Bonaparte. Mirambo alikuwa mtu yule yule mwaka 1871 na 1876. Kilichobadilika ni kwamba mwandishi alikaa naye.

Nilipokuwa nalisoma hilo mara ya kwanza, chuoni, nilimcheka Stanley. Mimi nilikaa na bibi saa mbili, nikala karanga zake, na bado nikaandika kama ambaye hajamwona. Heri Stanley.

Halafu mwaka 1878 alitoa kitabu chake cha safari hiyo ya pili, na kwenye jina la kitabu akaliita bara zima la giza. Neno moja. Magari, reli, uhuru, vyote vimepita, na hilo neno bado mtu anakutana nalo uwanja wa ndege wa ugenini. Watu hudhani uzito uko kwenye takwimu. Takwimu za Stanley nani anazikumbuka?

Msije mkadhani nasema tufute vivumishi vyote, tuandike kama risiti ya duka. Nilifikiri hivyo kwa juma zima, mpaka niliposoma tena maisha ya Tippu Tip aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yaliyochapishwa mwanzoni mwa karne iliyopita kupitia kwa Mjerumani Heinrich Brode. Yule mzee hana habari na mapambo. Nilikwenda, nikapigana, nikapata pembe frasila kadhaa, nikarudi. Kama mwandishi unamwonea wivu, sentensi zake zinatembea. Lakini ukisoma polepole unaanza kuhisi baridi. Pembe zimehesabiwa. Watu waliozibeba, na wale waliokamatwa kuuzwa, wanapita kama vumbi la msafara. Ukavu huo nao una la kuficha. Kwa hiyo swali si vivumishi vingi au vichache. Mtu anaweza kudanganya kwa kupaka na anaweza kudanganya kwa kuparua.

Wafanyabiashara wa njia ile walijua kitu kimoja ambacho mimi nimekisahau. Pesa yao ilikuwa nguo na shanga, na huwezi kufika kwa mtemi ukamwambia umeleta nguo nzuri. Nguo ipi? Merikani, ile nyeupe isiyopaushwa kutoka Marekani, ni kitu kimoja. Kaniki, iliyotiwa rangi ya nili, ni kitu kingine. Shanga nyekundu zinazotakiwa hapa, vijiji kadhaa mbele hazinunui hata kuku. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulilala njaa. Kwao "nyekundu" lilikuwa ni neno la kujua kama mtakula kesho, na hapo ndipo kivumishi kinapofanya kazi: ukikiondoa, mtu anapotea.

Na Tabora yenyewe ina ushahidi. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu pale, wakabishana kama washiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni matusi. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora hiyo hiyo, akawashawishi washiriki, na Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. TANU ikashinda, na uamuzi ule leo tunauita Uamuzi wa Busara. Ninachokipenda ni kwamba siku ile hakuna aliyeweza kuwa na uhakika kwamba ni wa busara. Sifa ilikuja baada ya kazi. Leo tungeiandika asubuhi hiyo hiyo, kwenye kichwa cha habari, kabla wajumbe hawajanywa chai.

Nimezunguka sana. Nilikuwa nasema nilikwenda Tabora.

Niliomba likizo ya siku tano, nikapanda basi kwa nauli yangu: Dodoma, Manyoni, Itigi, misitu isiyokwisha. Mvua zilikuwa zimeanza, na lile vumbi jekundu nililolitangazia taifa lilikuwa tope. Nikachukua bodaboda mjini, nikamwambia anipeleke Kwihara kwa bibi wa asali, nyumba iko chini ya mwembe mkubwa. Kijana akazima pikipiki kabisa ili anicheke vizuri. "Kaka, wewe umeona huku mwembe mdogo?"

Ni kweli. Miembe ya Tabora ni kama majumba. Sentensi yangu ilikuwa haiwezi kumfikisha mtu hata mlangoni. Tukatafuta karibu saa nzima, mpaka mama mmoja muuza maembe akasema, "Ah, pale kwenye mwembe uliokatwa tawi na watu wa umeme." Tukafika baada ya dakika tano.

Bibi alikuwa ndani ya nyumba. Ile ya bati. Nikabisha hodi, nikaamkia, akanitambua kwa sauti kabla sijajitaja. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ya kuomba radhi, ndefu, yenye aya. Akaniwahi. "Mjukuu wangu alinisomea lile gazeti lako. Alisoma mara mbili, nilidhani karuka mahali."

Nikasema, "Bibi, nisamehe. Niliandika vibaya."

"Maskini nimewahi kuwa," akasema. "Mwaka wa njaa tulikula mizizi. Ungeniuliza ningekueleza maskini anakuwaje. Sasa nina bati, nina wajukuu wanasoma, nawauzia asali mpaka watu wa mjini. Umaskini umeutoa wapi, mwanangu? Kwenye jiko?"

Sikujibu. Nje mvua ilikuwa inagonga hilo bati, tukawa tunaongea kwa kupaza sauti.

"Na hiyo huzuni ya macho," akaendelea, "nayo nimeiwaza sana. Mbona mimi sina huzuni. Macho haya yana ukungu. Hili la kulia halioni kabisa, hili lingine naona kivuli chako tu. Ni mwaka wa tatu sasa."

Nikasogea. Kwa mara ya kwanza nikayatazama macho yake kama macho. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyomwagwa katika maji, na lile la kushoto lilikuwa limeanza. Mtoto wa jicho. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na wazee anaujua. Mimi nilikaa naye saa mbili, nimeutazama mita moja mbele yangu, nikauita huzuni kubwa, nikachapisha nakala maelfu. Mtoto wa jicho unatolewa hospitalini, mara nyingi mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Huzuni kubwa haina daktari. Kama ningeandika tu kwamba mboni yake ni nyeupe, mwanawe angeisoma Jumapili ile akajua. Kumbe alikuwa hajui. Bibi hakumwambia, eti asimpe mawazo, na kwenye simu macho hayaonekani.

Nilitoka barazani nikampigia. Safari hii mimi ndiye niliyeanza kunyamaza. Nikamweleza nilichokiona, bila kupamba. Akauliza, jicho lipi? Tangu lini? Anaona vidole? Yalikuwa maswali mazuri kuliko yote niliyouliza mimi Oktoba. Nikarudi ndani nikaweka vidole vitatu mbele ya uso wa bibi. Akasema, "Mkono huo, lakini usinihesabishe kama mtoto wa chekechea."

Kesho yake mkwewe alikuja akampeleka mjini kwa daktari wa macho, mimi nikiwa nyuma na mwavuli. Amepewa tarehe. Ataanza na jicho la kulia.

Gazetini nimeandika upya. Safari hii si makala, ni aya tano tu, mhariri kaziweka ukurasa wa barua kwa shingo upande, akisema hazina mvuto. Ndani yake kuna nyumba ya vyumba vitatu, jiko lililo nyuma yake, mwembe uliokatwa tawi, chupa za asali zilizopangwa dirishani, na mwanamke mwenye mtoto wa jicho. Kivumishi nimebakiza kimoja, "nyeupe", cha mboni.

Bibi ameniagiza nikija tena nimletee sukari kilo mbili, kwa sababu asali ni ya kuuza. Na amesema nisimwandike mpaka bandeji itoke, anataka kulisoma gazeti mwenyewe.